Gesi, rodi, MIG au TIG: joto lipi kwa kazi ipi?

Muulize muuza mashine za kuchomelea ipi ni bora, atakuonyesha ile iliyoandikwa ampea nyingi ubavuni. Muulize fundi wa gesi, atakwambia umeme unatoboa bati. Fundi wa umeme naye atasema gesi imepitwa na wakati. Wote wana ukweli, maana kila mmoja anaongelea kazi yake. Ulinganisho huu ni wa mtu anayefungua karakana, au mwenye karakana anayefikiria mashine ya pili, na hataki kununua kitu kitakachoishia kona kikiwa kimefunikwa turubai. Nimechukua njia nne zinazojulikana kwa mafundi wa Gerezani ya Dar es Salaam, Gikomba ya Nairobi na Katwe ya Kampala: gesi, rodi ya umeme, MIG ya waya unaosukumwa na mota, na TIG ya sindano ya tungsteni. Leza nitaigusa kidogo tu, kwa sababu siku hizi matangazo yake yamezidi.

Zote nne kazi yake ni moja: kuyeyusha kingo za vipande viwili mpaka zichanganyike, kisha zigande zikiwa kitu kimoja. Chuma laini, kile cha mageti na madirisha, huyeyuka karibu nyuzi 1,500 za Selsiasi. Mwali wa asetilini na oksijeni hufika nyuzi 3,100 hivi. Tao la umeme, yaani ule mwanga mkali unaoruka kati ya rodi na chuma, huvuka 5,000 bila shida. Kwa hiyo joto la kuyeyusha lipo kwa kila njia, tena la kuzidi. Kinachozitofautisha ni mambo mawili mengine, na hayo ndiyo ya kuyaelewa kabla ya kuuliza bei.

La kwanza ni ukubwa wa eneo linalomwagiwa joto. Chuma ukikipasha mahali pamoja, hakikai na joto lake. Kinalipitisha kwa jirani papo hapo. Mwali wa gesi humwaga takriban wati 10 kwa kila milimita ya mraba. Tao la umeme humwaga 50 au zaidi. Leza iliyokusanywa vizuri hufika maelfu. Chanzo kilichotawanyika kinakulazimisha usubiri, na wakati unasubiri chuma kiyeyuke, joto limeshatembea sentimita kadhaa kila upande. Bati linatanuka, na likipoa linarudi likiwa limejikunja. Chanzo kilichokusanyika kinayeyusha na kusonga mbele kabla jirani hajapata moto. Ndiyo maana mwali wa nyuzi 3,100 hupinda bati kuliko tao la nyuzi 5,000, jambo linalomshangaza kila anayeanza.

La pili: je, joto na chuma cha kujazia vinakuja pamoja, au kila kimoja kivyake? Kwenye gesi na TIG, mkono mmoja unashika joto na mwingine unashika waya wa kujazia. Unaweza kupasha bila kuongeza chuma, kungoja, kuondoa, kurudi. Kwenye rodi na MIG, kile kinachotoa joto ndicho kinachoyeyuka na kujaza. Ukitaka joto zaidi unapata na chuma zaidi, upende usipende. Njia za mikono miwili ni za polepole na zinadai ufundi mkubwa, lakini zinakutii. Njia za mkono mmoja zina kasi, na hela ya karakana iko kwenye kasi.

Gesi

Washa tochi, rekebisha oksijeni mpaka uone koni ndogo nyeupe yenye ukingo mkali kwenye mdomo, na mwali mpana wa buluu ukiizunguka. Joto kali kabisa liko milimita mbili tatu mbele ya ncha ya ile koni, si ndani yake. Shikilia hapo juu ya bati la milimita 1.5. Litaanza kuwa jekundu, litakuja rangi ya chungwa, kisha ghafla uso utang'aa na kulowa, na kidimbwi kidogo cha duara kitatokea. Kinakua taratibu, unakiona kikizama katikati, na ukichelewa kinadondoka na kuacha tundu. Hakuna njia nyingine inayokuonyesha kuyeyuka kwa utulivu namna hii, na ndiyo sababu vyuo vingi vya ufundi vilikuwa vikianzia wanafunzi hapa. Aliyejifunza kusoma kidimbwi kwenye gesi hapati tabu akihamia TIG.

Mwali wenyewe unafanya kazi mbili. Ndani ya koni, asetilini huungua nusu tu na kutoa kaboni monoksaidi na hidrojeni. Hizo humalizikia kuungua kwa oksijeni ya hewani, kule kwenye mwali mpana. Kwa kuwa zinaila oksijeni iliyo jirani, kidimbwi kinabaki kimekingwa bila mtungi mwingine wa gesi. Lakini kinga hiyo inategemea usawa. Oksijeni ikizidi, koni inafupika na kuchongoka, mwali unafoka, na chuma kinaanza kuungua chenyewe na kurusha cheche. Asetilini ikizidi, unaona unyoya mweupe ukirefuka mbele ya koni. Hapo kaboni inaingia kwenye chuma na mshono unakuwa mgumu wa kuvunjika.

Kwa kuchomelea bati na mabomba membamba gesi bado inafaa, ila itakukunjia. Nguvu yake kubwa leo iko pembeni ya kuchomelea: kukata bamba nene, kupasha boliti iliyoshikwa na kutu, kukunja fito, na kuunga mabomba ya shaba ya friji kwa rodi maalumu, ambapo shaba yenyewe haiyeyushwi. Kwa maoni yangu karakana inayofanya matengenezo, hasa ya magari na mitambo ya shamba, inafanya kosa ikiiuza tochi yake eti kwa sababu imenunua inverta, ile mashine ndogo ya umeme ya kuchomelea.

Hatari yake si ya kupuuza. Asetilini ikisukumwa kupita bar 1 hivi, inaweza kulipuka yenyewe bila hata hewa wala cheche. Ndiyo maana ndani ya mtungi halali imeyeyushwa kwenye asetoni iliyonyonywa na kitu chenye vitundu, na mtungi hausafirishwi wala kutumika ukiwa umelazwa. Yale mapipa ya kienyeji yanayotoa asetilini kwa mawe ya kabaidi na maji, yasiyo na geji wala kifaa cha kuzuia mwali kurudi, ni rahisi kwa bei tu. Na kwenye vifaa vya oksijeni usipake mafuta wala grisi hata kidogo, hata kama nati imekaza vipi.

Rodi

Hii ndiyo njia iliyojenga miji yetu: mageti, madirisha, mapaa, matrela. Mashine inatoa umeme wa volti kidogo, 20 hadi 30 wakati tao linawaka, lakini ampea nyingi. Rodi ni waya wa chuma uliopakwa dawa. Mwanzoni mwa karne ya 20, Msweden Oscar Kjellberg ndiye aliyetambulisha rodi zilizopakwa. Kabla ya hapo rodi tupu zilitoa mishono yenye vitundu, kwa sababu hewa iliingia kwenye chuma cha moto. Dawa ikiungua inatoa gesi inayofukuza hewa, na inayeyuka kuwa lile gamba unalopigapiga kwa nyundo baadaye, ambalo linafunika mshono usipoe haraka. Kinga iko ndani ya rodi yenyewe, hivyo upepo wa kawaida haukusumbui. Juu ya paa, shambani, barabarani, hakuna cha kulingana nayo.

Kadirio la kuanzia ni ampea 40 hivi kwa kila milimita ya unene wa rodi. Rodi ya 2.5 inakwenda 70 mpaka 100, ya 3.2 inakwenda 90 mpaka 140. Hapo ndipo tatizo la mabati membamba linapoanzia. Chini ya kiasi fulani tao la rodi ya 2.5 linakufa au rodi inanata, na kiasi kile kile kinatosha kutoboa bomba la mraba lenye ukuta wa milimita 1.2. Mafundi wanalizunguka kwa kupiga nukta nukta, au kwa kutumia rodi za milimita 2. Inawezekana, na mageti mengi unayoyaona yamechomwa hivyo, lakini unatumia muda mrefu na grinda haipumziki.

Katika maduka utakutana zaidi na namba mbili za rodi. 6013 inawaka kwa urahisi kwenye mashine yoyote, ikiwemo ile ya koili iliyosukwa mtaani inayotoa mkondo geu (AC), na inasamehe. Inatosha kwa geti na dirisha. 7018 ndiyo ya vitu vinavyobeba mzigo: chesisi, nguzo, mkono wa krini. Inapenda mkondo mnyoofu (DC) na inachukia unyevu. Dawa yake ikishanyonya maji, tao linayachana na kuingiza hidrojeni kwenye mshono, na ufa unaweza kutokea saa kadhaa baada ya kazi kupoa na mteja kuondoka. Rodi hizi zikishalowa hurudishwa kwenye oveni maalumu ya nyuzi 300 na zaidi. Kuzianika juani hakutoshi. Kwa aliye Tanga, Mombasa au Unguja, pakiti iliyoachwa wazi usiku kucha isihesabiwe kuwa ni 7018 tena.

Inverta ndogo za kubeba begani zimebadilisha mambo. Zinatoa mkondo mnyoofu, tao limetulia, na zinakula umeme mdogo kuliko mashine ya koili kwa kazi ile ile. Koili inashinda kwa kitu kimoja: ikiungua, fundi wa mtaani anaisuka upya. Bodi ya inverta ikiungua, mara nyingi ndiyo basi.

MIG

Hapa rodi imegeuzwa waya mwembamba, mara nyingi milimita 0.8, unaosukumwa na mota kutoka kwenye koili huku gesi ya mtungini ikitoka mdomoni kuukinga. Iliendelezwa Marekani mwaka 1948 kwa ajili ya alumini. Gesi ya kaboni dayoksaidi ilipoanza kutumika miaka ya 1950, ikawa rahisi kuitumia kwa chuma cha kawaida.

Kwa kazi za bati, waya hauyeyuki ukiwa mbali. Unagusa kidimbwi, umeme unapanda ghafla, ncha inapata moto na kukatika, tao linawaka kidogo, waya unagusa tena. Hilo linatokea makumi ya mara, hata zaidi ya mia, kila sekunde, na ndilo linalotoa ule mlio wa kuchatuka usiokatika. Kwa sababu tao linazimika na kuwaka hivyo, joto linaingia kwa vipande vipande, na bati la milimita 1 linashonwa mfululizo bila kutoboka. Isitoshe, mashine inajirekebisha: ukiinua mkono, tao linarefuka, ampea zinashuka, waya unayeyuka polepole, na urefu unarudi ulipokuwa. Ndiyo maana kijana anaweza kutoa mshono wa kuridhisha baada ya siku chache, wakati rodi ingemchukua miezi.

Ngoja tuweke hesabu, kwa sababu hapa ndipo tofauti inapoonekana. Joto linaloingia kwenye kila milimita ya mshono ni volti mara ampea, gawanya kwa mwendo wa mkono, kisha punguza kinachopotea. Viwango vya Ulaya hukadiria kwamba rodi na MIG hufikisha asilimia 80 ya joto kwenye kazi, na TIG asilimia 60. Sababu inaeleweka: kwenye rodi na MIG, joto linaloyeyusha waya linarudi kwenye mshono pamoja na tone lake, kwenye TIG, joto la sindano ya tungsteni linaishia kwenye tochi. Chukua mipangilio ya kawaida ya chuma chembamba:

| Njia | Ampea na volti | Mwendo kwa sekunde | Joto kwa milimita |
|---|---|---|---|
| Rodi 2.5 | 100 A, 24 V | mm 3 | jouli 640 |
| MIG 0.8 | 100 A, 17 V | mm 6 | jouli 227 |
| TIG | 80 A, 12 V | mm 1.5 | jouli 384 |

Mipangilio yako inaweza kutofautiana, lakini picha haibadiliki sana. Ampea 100 za rodi na ampea 100 za MIG si kitu kimoja kwa bati: MIG imeweka kama theluthi moja ya joto, kwa sababu volti ni ndogo na mkono unakimbia. Angalia na TIG: inasifiwa kwa utulivu, lakini kwa sababu inakwenda polepole, inaweza kumwaga joto kuliko MIG.

Sasa ule upande wa pili. Theluthi moja ya joto ni baraka kwenye bati, na ni mtego kwenye bamba nene. Ukichukua mashine ndogo ya MIG ukachomelea bamba la milimita 8, waya utayeyuka na kujipanga vizuri juu, mshono utapendeza kuliko wa rodi, na chini yake kingo za bamba hazijayeyuka. Rodi iliyochomwa vibaya inaonekana vibaya. MIG iliyochomwa vibaya inaweza kuonekana nzuri sana, na hilo ndilo linalonifanya nisiipendekeze kama mashine ya kwanza kwa mtu atakayetengeneza trela au ngazi za ghorofa. Atakayeitumia kwa vitu vya kubeba mzigo akate vipande vya majaribio, avishike kwenye jiliwa, avipige nyundo mpaka vivunjike, aone kama mshono umeng'oka kama utepe au umeondoka na chuma.

Kaboni dayoksaidi tupu ni ya bei nafuu na inazama zaidi, ila inarusha matone mengi ya kusugua baadaye. Ukiichanganya na gesi ya agoni, tao linatulia na usafi unaongezeka, gharama nayo hivyo hivyo. Na upepo ni adui: feni ya karakana ikielekea kwenye mshono inatosha kuondoa kinga na kukuachia vitundu. Kuna waya wenye dawa ndani usiohitaji gesi, mzuri kwa nje. Ukiununua kumbuka kuhamisha nyaya za ndani ya mashine ili tochi iwe hasi. Wengi wanasahau hilo, wanapata cheche tele na mshono mbovu, kisha wanaulaumu waya.

TIG

Sindano ya tungsteni haiyeyuki kabla ya nyuzi 3,422, kwa hiyo inabeba tao bila kuwa sehemu ya mshono. Agoni inaikinga pamoja na kidimbwi. Ukiunganisha tochi kwenye hasi, elektroni zinakimbilia kwenye kazi na karibu theluthi mbili ya joto inatua huko. Ukigeuza, joto linarudi kwenye sindano na ncha inavimba na kudondoka.

Kwa stenlesi hakuna mjadala, mradi iwe nyembamba na ya kuonekana: reli za ngazi, meza za jikoni, matangi ya maziwa. Stenlesi inapitisha joto kama theluthi moja tu ya chuma laini na inatanuka zaidi, hivyo joto linakwama pale pale na kipande kinajipinda kwa urahisi. Unahitaji tao dogo linalotii. Rangi ya mshono ni taarifa: dhahabu hafifu ni sawa, buluu ni ishara ya joto kuzidi, na ukiona kijivu chenye chembechembe umeshaharibu ile ngozi ya kromiamu inayozuia kutu. Ndani ya bomba la chakula au maziwa pia paingizwe agoni. La sivyo upande wa ndani utaungua na kuwa makao ya uchafu.

Alumini ni hadithi nyingine. Yenyewe inayeyuka kwa nyuzi 660, lakini imevaa ngozi nyembamba ya oksaidi isiyoyeyuka kabla ya nyuzi 2,000 na ushei. Ukiipasha kwa gesi au kwa TIG ya mkondo mnyoofu, ndani inakuwa maji na nje bado iko kama ilivyo, haibadiliki rangi, mpaka ghafla kipande kizima kinaporomoka mezani. Dawa yake ni mkondo geu. Nusu ya kila mzunguko inaelekeza joto kwenye kazi. Nusu nyingine inabandua oksaidi, na unaona kwa macho ukanda mweupe uliosafishwa ukitangulia kidimbwi. Halafu alumini inapitisha joto mara tatu hadi tano ya chuma laini, kwa hiyo unaanza na ampea nyingi na unapunguza kadiri kipande kinavyopata moto, mara nyingi kwa kikanyagio cha mguu.

Kwa hiyo jihadhari na zile mashine za tatu kwa moja zinazouzwa zikiwa zimeandikwa MIG, TIG na rodi. Nyingi za bei nafuu zina TIG ya mkondo mnyoofu pekee. Kwa stenlesi itakusaidia. Alumini usahau, hata muuzaji aape. Tafuta maandishi ya AC/DC kwenye upande wa TIG, na ukiyakosa ujue hiyo siyo ya alumini.

Na kabla ya yote uliza agoni inajazwa wapi. Dar es Salaam, Nairobi au Kampala si tatizo. Ukiwa wilayani, nauli ya kwenda kujaza mtungi inaweza kula faida ya kazi yote ya mwezi.

Kwa kazi gani uchukue nini

Mageti, madirisha, vitanda na meza: anza na inverta ya rodi ya ampea 160 mpaka 200 halisi. Ukishakuwa na oda za kila wiki za bomba za mraba nyembamba, MIG italipa yenyewe kwa muda unaookolewa kwenye grinda. Sioni sababu ya kuanza na MIG kabla ya oda hizo kuwepo.

Bodi za magari: MIG, kwa vipande vifupi vifupi vilivyoachana, ukiruka kutoka kona moja hadi nyingine ili joto lisirundikane. Kiwandani bodi hizo ziliunganishwa kwa nukta za ukinzani, ambapo maelfu ya ampea hupita kwenye mabati mawili yaliyobanwa kwa sehemu ndogo ya sekunde. Gesi ilitawala kazi hii zamani, na mafundi wakubwa wa kunyoosha bado wanaiweza. Kijana asiyejua kunyoosha ataharibu mlango.

Chuma cha kusubu, kama bloku ya injini au mguu wa cherehani: hapa kasi ya tao ndiyo ubaya. Kina kaboni nyingi, na kikipozwa ghafla ukingo wa mshono unakuwa mgumu kama kioo na kupasuka. Ama pasha kipande kizima taratibu na uunge kwa gesi na rodi ya shaba ya njano bila kuyeyusha chuma chenyewe, ama tumia rodi za nikeli kwa vipande vya sentimita mbili tatu ukigonga kila kimoja kwa nyundo kinapopoa. Ukimaliza kizike kwenye majivu au mchanga mkavu kipoe polepole.

Mabomba ya maji yaliyopakwa zinki: njia yoyote, ila sugua zinki kwanza sentimita kadhaa pande zote. Zinki inachemka kwa nyuzi 907, mbali sana kabla chuma hakijayeyuka, hivyo inageuka moshi mweupe ambao jioni unakuletea homa na baridi ya mifupa. Mafundi huambiana wanywe maziwa. Maziwa ni chakula kizuri, lakini moshi umeingia mapafuni, na maziwa hayaendi huko.

Leza ya mkononi ya kilowati 1 au 2 inayoyeyusha kwa tundu jembamba na kuacha stenlesi bila kupinda ni kweli ipo, na video zake hazidanganyi. Haziongelei mambo mawili tu. Vipande lazima vikae vimebanana karibu bila nafasi, jambo ambalo bomba lililokatwa kwa grinda ya mkono haliwezi. Na mwanga wake hauonekani; ukigonga stenlesi na kurudi, unamkuta mpita njia aliye mita nyingi kutoka hapo na kumuunguza jicho kabla hajajua. Inataka chumba kilichofungwa na miwani ya aina yake. Kwa karakana iliyo wazi kando ya barabara, hapana.

Kwa njia nyingine zote, kioo namba 10 au 11 kwa umeme, namba 5 kwa gesi. Miwani ya jua si kioo cha kuchomelea.

Tukirudi kwenye namba ya ubavuni. Tafuta asilimia iliyoandikwa karibu na ampea. Asilimia 60 kwenye ampea 160 maana yake katika dakika 10 unachoma 6 na mashine inapumzika 4. Kiwango cha kimataifa hupima hilo kwenye hewa ya nyuzi 40. Baadhi ya mashine hupimwa kwenye ubaridi zaidi, na chini ya bati la karakana ya Dar mwezi wa pili zinazimika mapema. Angalia na umeme wako: kuchoma kwa ampea 100 kunatoa kama wati 2,400, na mashine inavuta zaidi ya hizo, kwa hiyo soketi ya ampea 13 tayari iko ukingoni. Vuta waya mnene kutoka kwenye bodi ya umeme, na usitumie kamba ndefu nyembamba ya kuunganishia. Volti zikishuka njiani tao linakuwa legevu na utadhani rodi ni mbovu. Kwa jenereta usishuke chini ya KVA 5.

Ukienda dukani nenda na vipande vyako mwenyewe, vya unene unaoufanyia kazi kila siku, na rodi zako. Omba mashine iwashwe, choma mshono wa sentimita 10 mfululizo, kisha kata katikati kwa msumeno na utazame ndani kama kingo zimeyeyuka mpaka chini. Muuzaji anayekataa umfanyie hivyo, mwachie mashine yake.